Mwaka wa Vikombe Visivyo na Mwewe

Nilibandua. Nianze hapo kabla wengine hawajanisimulia vibaya. Ni mimi niliyebandua karatasi ya mwewe wa dhahabu kwenye kila kikombe cha kasha la mama yangu, kimoja baada ya kingine, kwa mvuke wa birika, huku nikipiga mluzi. Hakuna aliyenituma. Shetani hakunipitia, ingawa baadaye nilimtaja sana katika kujitetea. Nilikuwa darasa la saba, nilikuwa na akili nyingi zisizo na kazi, na nilidhani karatasi ni karatasi tu.

Yote hayo yamenirudia kwa sababu mwezi uliopita nilikwenda Bahati, nje ya Nakuru, kumwona Njoroge, ambaye alikuwa golikipa wetu na sasa hawezi hata kuinama kufunga kiatu. Mkewe alituletea chai. Mimi nilipewa kikombe cha udongo chenye maua, kile cha wageni. Njoroge akapewa kikombe cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, kimebanduka rangi hapa na pale, na ubavuni kikiwa na karatasi iliyofifia ambayo mtu asiyejua angeidhani ni uchafu. Nilipotazama vizuri niliona bawa. Mkewe akaniambia amekiosha kikombe hicho tangu aolewe kwa kukizunguka, kitambaa ndani, kitambaa chini, kamwe si hapo ubavuni, kwa sababu siku ya kwanza kabisa mumewe alimwonya kwamba ndoa inaweza kuvunjika kwa ajili ya hiyo karatasi. Nikauliza kama naweza kukishika. Njoroge akakivuta kifuani kama mpira wa kona. "Wewe?" akasema. "Wewe kati ya watu wote? Kunywa chai yako, mwizi." Tukacheka mpaka mkewe akatoka nje kutupisha, na nilipokuwa narudi Nakuru jioni nilikuwa nimeshaingia tena katika chumba chetu cha landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nasikia harufu ya mafuta ya taa na ya yale majani makavu ya kufungia vyombo.

Chumba kilikuwa kimoja, na tulikigawa kwa pazia. Upande wa mlangoni ulikuwa sebule, jikoni, na mahali pangu pa kulala. Upande wa pili ulikuwa wa Baba na Mama, ingawa Baba alikuwa safarini na gari moshi siku nyingi kuliko alizolala hapo. Hatukuwa na meza. Tulikuwa na makasha. Tulikula juu ya kasha, nikafanya hesabu juu ya kasha, na mgeni wa heshima aliketi juu ya kasha lililotandikwa kitambaa cha kufuma. Hayo makasha yalikuwa biashara ya Mama. Maduka makubwa ya Wazungu pale mjini yalikuwa yakiagiza vyombo kutoka ng'ambo, na mara wameagiza kupita kiasi, mara meli imechelewa Krismasi ikapita, mara mabibi wao wameuchoka ule mtindo. Mali ikabaki. Bwana Kanji aliinunua yote kwa jumla, akaiweka katika stoo yake nyuma ya duka, na kuwauzia akina mama wa sokoni kasha kwa kasha. Sheria yake ilikuwa moja: kasha halifunguliwi. Ungeweza kuligonga, kuliinamisha, kulinusa ukitaka, lakini msumari ukitoka tu umenunua.

Mama alikuwa bingwa wa kugonga. Aliweka sikio kwenye mbao kama daktari, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasema, "Hili lina sahani, na zimevunjika," na kweli aliyelinunua alilia. Lakini kugonga hakutoshi. Ilibidi pia uwe wa kwanza kuchagua, na hapo palikuwa na desturi ambayo sijaiona pengine. Bwana Kanji alitaka makasha yake yarudi, kwa hiyo kila mama alirudisha kasha tupu na kulipanga mlangoni mwa stoo, na foleni ilikuwa ya makasha, si ya watu. Aliyemaliza kuuza mapema kasha lake lilitangulia, na mwenyewe aliweza kwenda zake nyumbani kupika. Mali mpya ikifika, Bwana Kanji alitazama makasha tu. "Mama Chapa iko kwanza," alikuwa akisema. "Tena! Wewe nauza usiku pia? Kuja, chagua. Lakini hapana fungua!"

Mama Chapa ndilo jina alilopewa na soko zima, kwa sababu hakuuza kitu kisicho na chapa yake. Yeye ndiye aliyewafundisha wanawake wa Nakuru kutazama. "Kikombe kipya kina karatasi," alikuwa akiwaambia. "Kama hakina karatasi, jiulize kimetoka jikoni kwa nani." Na miaka ile, miaka ya vipande, vile vitambulisho vya lazima kwa Waafrika, na ya kuulizwa barabarani umetoka wapi, hilo halikuwa swali la mzaha. Watu wengi walifanya kazi majumbani mwa Wazungu, na kikombe kizuri kisicho na maelezo kingeweza kumpeleka mtu kituoni. Kwa hiyo wateja wa Mama walikuwa hawabandui. Ukienda nyumba yoyote ya landhi unakunywa chai huku mwewe anakutazama kutoka ubavuni mwa kikombe, mabawa wazi, na mwenye nyumba anakigeuza kidogo ili umwone vizuri. Mimi nililiona jambo hilo la kuchekesha sana. Nililisema hivyo mara nyingi, kwa sauti, mbele ya wageni.

Sasa, mpira. Shule yetu ilikuwa na timu, na timu ilikuwa na mashati yaliyoshonwa kwa magunia ya unga. Maandishi ya kinu yalikuwa bado yanasomeka mgongoni. Shule moja ya upande wa Lanet ilikuja kutazama uwanja wetu kabla ya mechi, wakiwa wamevaa kijani, na kila mmoja ana nembo kifuani iliyoshonwa kwa uzi. Kapteni wao akamgusa Njoroge begani, akatazama vidole vyake, akavipuliza. "Timu ya unga," akasema. "Msinyeshewe, mtakuwa uji." Hata sisi tulicheka, na hilo ndilo lililotuuma zaidi. Mimi sikuwa mchezaji. Kazi yangu ilikuwa kubeba machungwa na kuwatukana wapinzani. Lakini nilikuwa na heshima yangu katika kazi hiyo, na nikawaambia, "Siku ya mechi tutakuwa na nembo ambayo hata mwalimu wenu hana."

Asubuhi ya mechi Mama alikuwa sokoni akikusanya madeni ya kasha la zamani. Kasha jipya lilikuwa chini ya kitanda chake. Alikuwa amelichagua wa kwanza, akaweka ndani yake pesa zake zote za biashara, na Bwana Kanji mwenyewe alimpa siri kwamba ni vikombe vya mwewe, vya mwisho kufika. Niling'oa misumari kwa uangalifu, nikachemsha maji. Ukishika kikombe juu ya mvuke, karatasi inalegea yenyewe, inatoka nzima, mgongo wake ukinata kama asali. Ilikuwa kazi tamu. Nilipomaliza nilivirudisha vikombe katika majani yao, nikapiga misumari katika matundu yale yale, na nikajipongeza kwa jinsi nilivyokuwa mwangalifu.

Ah, tulivyopendeza! Kila mchezaji alipata mwewe kifuani, mgongoni, kwenye mikono, kwenye kaptura. Refa alipata mmoja kwenye filimbi bila kujua. Njoroge alitaka wake kwenye paji la uso, chini ya ile kofia ya baba yake aliyokuwa akidakia. Jua lilipowapiga, wale wa Lanet walinyamaza kabisa, na kwa dakika chache timu ya unga ilicheza kama timu ya dhahabu. Kisha mvua ikanyesha. Mvua ya Nakuru haibishi hodi. Mwewe wakaanza kuteleza, wakakunjamana, wakadondoka matopeni, wakakanyagwa, na wenzetu wakageuka tena kuwa magunia, safari hii yenye madoa ya njano. Mabao tuliyofungwa sitayataja. Nilirudi nyumbani nimelowa, nikala ugali na samaki aliyekuja na gari la Kisumu, na Mama akaniuliza mechi ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa ya kupendeza.

Hakuna aliyenieleza, au labda nilielezwa sikusikiliza, kwamba Mama hakufungua kasha nyumbani. Alilifungulia sokoni, mbele ya watu, ili wote waone misumari ikitoka. Jumamosi nilimsukumia mkokoteni mpaka pale, na nilipowaona akina mama wamejipanga nusu duara ndipo nilipoanza kuelewa. Mama akatoa misumari. Akaingiza mkono katika majani, akainua kikombe juu kabisa kama padri. Hakuna mwewe. Palikuwa na alama ya gundi tu, ya mraba, imeshika vumbi la majani. Akakiweka chini, akatoa cha pili. Akatoa cha tatu. Nilimwona akigeuza cha nne polepole, akimtafuta mwewe upande wa pili, kana kwamba amezunguka kukwepa.

"Mama Chapa," mwanamke mmoja akaita kutoka nyuma, "leo umetuletea vya jikoni kwa nani?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko kile ninachokipenda. Askari wa soko akasikia, akasogea. Alikuwa mtu mrefu aliyependa kuchuchumaa mbele ya mali ya watu. Akachuchumaa. "Vimetoka wapi, mama?"

"Kwa Bwana Kanji. Karatasi ya kununulia hii hapa."

"Hii inasema vikombe vya chapa ya mwewe." Akageuza kikombe. "Mwewe yuko wapi?"

Mama akaingiza mkono tena katika majani, akatoa cha tano. Na mimi, ambaye kila siku nilikuwa na jibu la ziada, nikasikia sauti yangu ikisema, "Ameruka." Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka. Mama aligeuza kichwa akanitazama, na nikajua kwamba ameshajua.

"Ni mimi," nikasema. "Nimebandua. Za mpira."

"Za nini?" akasema askari.

"Za mpira, afande. Timu haikuwa na nembo."

"Mtoto anamtetea mama yake," akasema yule mwanamke wa nyuma. "Ni vizuri, lakini angetafuta uongo wenye miguu."

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia vile uwanjani, ndiyo maana nilibeba machungwa. Nilirudi na Njoroge na wenzake watatu, nimewavalisha mashati yao yenye tope, hayajafuliwa bado, na nikawapanga mbele ya askari kama wezi wa kuku. Kwenye magunia yale dhahabu ilikuwa imechujuka ikaacha madoa, na ukitazama kwa jicho la huruma ungeona mabawa. Askari hakuwa na jicho la huruma. Ndipo Njoroge akafungua kitabu alichokuja nacho, akatoa mwewe mzima, mkavu, asiye na kasoro. Kofia ilikuwa imemkinga na mvua, na baada ya mechi Njoroge alimhifadhi pale ambapo hapakuwahi kufika maji wala mkono wa mtu, ndani ya kitabu chake cha hesabu. Mama akampokea. Akachukua kikombe, akaweka karatasi juu ya ile alama ya gundi. Kona nne zikakaa juu ya kona nne. Askari akasimama, akajifuta magoti, akaanza kucheka taratibu, na soko zima likaitikia.

Nikadhani yameisha. Wakacheka, wakampiga Njoroge mgongoni, wakamwambia Mama pole, wakaenda zao. Hakuna aliyenunua. Yule mwanamke wa nyuma alikishika kikombe kimoja kwa muda mrefu, alikitaka kabisa, kisha akakirudisha. "Kisicho na karatasi?" akasema, kwa upole. "Mama Chapa, si wewe mwenyewe uliyetufundisha?"

Jioni hiyo nililala upande wangu wa pazia nikisikiliza Mama akizungumza na Mama Atieno, jirani yetu, ambaye kwake kila tatizo lilikuwa na dawa moja.

"Mpige tu," akasema Mama Atieno. "Mpige mpaka akumbuke jina lake la ubatizo."

"Nikimpiga, vikombe vitaota karatasi?"

"Havitaota. Lakini wewe utalala."

Nikasikia kijiko kikizunguka katika kikombe. "Kasha la Mama Sofia liko tupu tayari," Mama akasema. "Ameliweka mlangoni mwa stoo. Pale pangu, Mama Atieno. Mali ikifika kabla sijamaliza hivi, nitakuwa nyuma ya watu wote, na pesa zangu zote ziko humo ndani ya majani."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alichofanya ni kuninywesha chai, asubuhi na jioni, kwa kikombe kisicho na mwewe, na kila mara aliniwekea juu ya kasha, ile alama ya gundi ikinitazama mimi. Kisha siku moja Njoroge akaja kusema kwamba nyanya yake anaishi katika kambi ya wafanyakazi kwenye shamba moja la pareto kule Bahati, na kwamba siku ya mshahara watu hutafuta vyombo. Mama akamtazama. Akanitazama. "Utabeba wewe," akaniambia. "Na utasema wewe."

Tulipanda lori la mbao mpaka kwenye njia panda, tukapandisha kwa miguu, baridi ikitoka msituni, mashamba ya pareto meupe pande zote mbili, mimi na kasha kichwani, Mama nyuma yangu akiniongoza kama ng'ombe. Nyapara alituruhusu tukae chini ya ukuta wa ghala. Wanawake wakaja na mikono yenye harufu ya maua ya pareto, wakashika vikombe, wakavigeuza. Bahati nzima ilikuwa inajua kugeuza. Habari za Mama Chapa zilikuwa zimefika hata huko.

"Karatasi iko wapi?" akauliza nyanya ya Njoroge, bikizee mfupi mwenye kitambaa cheusi.

Mama akanisukuma mgongoni kwa kidole. "Mweleze."

Nikaeleza. Mara ya kwanza nilieleza vibaya, nikitazama vidole vya miguu. Lakini nilipofika kwa kapteni wa Lanet anapuliza unga vidoleni, mmoja akacheka, na nikainua kichwa. Nilipofika kwenye mvua walikuwa wameketi. Nilipofika kwa askari, nikachuchumaa kama yeye, na nyanya ya Njoroge akajifuta macho kwa kitambaa chake. Akachukua kikombe kimoja. "Hiki ni changu," akasema. "Mgeni akiniuliza karatasi iko wapi, nitamwambia imekwenda kucheza mpira." Na wengine wakanyoosha mikono. Nakumbuka joto lililonipanda kifuani. Nilikuwa nimechekesha watu maisha yangu yote, lakini ilikuwa mara ya kwanza kicheko kuacha kitu mkononi mwa mama yangu.

Tuliendelea hivyo siku za mshahara, shamba kwa shamba, Njoroge akituonyesha njia. Masimulizi yakanenepa. Refa alipata mwewe kwenye filimbi, kisha kwenye kipara. Mvua ikawa ya mawe. Mama aliketi kando akivifuta vikombe, na nilidhani ameanza kunifurahia. Kwenye shamba la mwisho, vikiwa vimebaki vichache chini ya majani, kulikuwa na vijana wengi, na sijui ni kiburi gani kilinipanda. Nikawaambia kwamba pamoja na mvua yote, mwewe wale walitupa nguvu, na tukashinda. Vijana wakashangilia. Mwanamume mmoja akatoa pesa hapo hapo, akanyooshea Mama. Mama hakuzipokea.

"Walifungwa," akasema.

"Ati?"

"Walifungwa vibaya. Golikipa ni yule pale, muulize." Njoroge akainamisha kichwa kuthibitisha. "Sasa umejua. Bado unakitaka?"

Yule mtu akafikiri. Akatazama kikombe, akanitazama mimi, ambaye ningefurahi ardhi inimeze. "Nakitaka," akasema. "Hivyo ni vizuri zaidi." Mama akapokea pesa zake.

Kikombe kimoja hakikuuzwa. Mama alikoroga unga kidogo kwa maji ya moto, akambandika yule mwewe wa kitabu cha hesabu mahali pake, akasubiri akauke, akampa Njoroge kikombe. Hakusema kwa nini, na mimi sikuthubutu kuuliza kwa nini si mimi. Siku hizi ninajua, lakini siku hizi ninajua mambo mengi yasiyonisaidia.

Tulirudisha kasha tupu stoo kwa Bwana Kanji. Mbele yetu yalikuwa yamepangwa makasha ya soko zima, la Mama Sofia likitangulia, na letu likawa la mwisho kabisa, karibu na mfereji. Bwana Kanji alitikisa kichwa. "Mama Chapa iko nyuma! Mimi naona ajabu." Mali ilipofika, kila mama aligonga, akachagua, akaondoka, na zamu yetu ilipofika stoo ilikuwa na kasha moja tu ambalo wote walikuwa wameligonga na kuliacha. Mama akaweka sikio, akagonga. Akaliinamisha, akasikiliza kitu kikibingirika ndani, akasikiliza tena. Bwana Kanji akasema atapunguza bei, kwa sababu yeye rafiki. Mama akalipa. Nikalipandisha mkokoteni, nikasukuma mpaka tukavuka reli. Ndipo nilipomuuliza, kwa sauti ndogo, humo ndani mna nini.

"Mabirika," akasema mama yangu. "Vifuniko vimepotea njiani. Anza kufikiria utawaambia nini watu. Na usiseme tulishinda."